Operesheni ya ngozi wakati wa mlipuko: usubiri nyumbani, uende rufaa, au ungoje kambi ya madaktari wageni?

Aprili 2020 dada yangu alinipigia simu kutoka Himo, analia. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa amevuta sufuria ya uji, ukammwagikia mkono wa kulia kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Hospitali walishakwenda. Mtoto alisafishwa, akafungwa bandeji, akapewa dawa ya maumivu na karatasi iliyosema kupandikiza ngozi "si dharura, arudi hali ikitulia". Itatulia lini, hakuna aliyemwambia. Hospitali yenyewe siitaji. Walikuwa wamebanwa, na sijui mimi ningeandika nini kama ningekuwa nimekaa kwenye ile meza.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, si daktari. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi 17, kwa hiyo nilikuwa na muda, na mtoto wa dada akawa kazi yangu. Tangu hapo nimekuwa karani wa ukoo kwa mambo ya hospitali. Januari 2025 ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipothibitishwa Biharamulo, mkoani Kagera, jirani yangu hapa Pasua, Moshi, alikuwa na tarehe ya kulegezwa kovu la shingo. Akaja jioni: "Baba Neema, niende au niache?" Niliyomwambia ndiyo haya, ila hapa nimeyapanga vizuri zaidi.

Kusubiri nyumbani, au kwenda sasa

Ukisema upasuaji wa plastiki watu wanafikiria pua na matiti ya matajiri. Huku Kilimanjaro na Arusha kazi ya madaktari hao ni watoto waliomwagikiwa uji na maji ya chai, wenye kifafa walioangukia mafiga, miguu iliyochunwa na bodaboda, midomo sungura, na saratani za ngozi za ndugu zetu wenye ualbino. Mlipuko unapokuja, haya yote huingizwa kapu moja na kunyoosha pua, kwa sababu orodha ya hospitali huwa na mafungu mawili tu: dharura na yasiyo dharura.

Ndivyo ilivyokuwa duniani kote. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga la korona Machi 11, 2020. Machi 16 sisi tukatangaziwa mgonjwa wetu wa kwanza, aliyekuwa ameshukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kufikia Arusha. Machi 17 huduma ya afya ya taifa ya Uingereza iliziandikia hospitali zake zisimamishe operesheni zisizo za haraka ifikapo Aprili 15, kwa miezi 3 au zaidi. Watafiti wa upasuaji walikadiria kuwa katika wiki 12 za kilele, operesheni milioni 28.4 duniani zingefutwa au kuahirishwa. Tanzania haikuwafungia watu majumbani, lakini mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa mwembamba hata kwetu. Oksijeni iligombewa, barakoa na magauni vilipungua, na chumba kilihitaji kukaa kitupu hewa ibadilike baada ya mgonjwa kuwekewa mpira kooni. Operesheni tano za siku zinaweza kuwa mbili bila daktari yeyote kukosekana kazini.

Kwa hiyo usiulize kama operesheni yako ni "dharura". Uliza kidonda chako kina saa gani. Saa za vidonda hazifanani, na hapa ndipo nitakaa kidogo.

Mguu uliovunjika mfupa ukatoka nje una saa fupi kuliko zote. Miongozo ya Uingereza inataka mfupa huo ufunikwe kwa nyama na ngozi ndani ya saa 72. Usikubali kurudishwa nyumbani na mfupa unaoonekana, kuwe na mlipuko au kusiwe.

Jeraha la moto lenye kina lina wiki tatu. Kidonda kinachopona chenyewe kabla ya hapo mara nyingi huacha alama tu. Kinachovuka wiki ya tatu hakijafunga huanza kujenga kovu nene, na kovu hilo hukaza. Likikaa kwenye kiungo, linakivuta. Mtoto wetu alipewa "hali ikitulia" akiwa na saa ya wiki tatu mkononi. Mwuguzi mmoja mama wa makamo, Mungu ambariki, ndiye aliyetueleza tuliporudi kubadilisha bandeji: "Mwalimu, hebu hesabu siku. Ikifika ya ishirini na moja na hapa pangali pekundu mnakuja, mnakaa hapo benchi, hamtoki."

Saratani ya ngozi huhesabiwa kwa wiki hadi miezi michache, na inadanganya kwa sababu haiumi. KCMC, hospitali kubwa ya hapa Moshi, pana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na mafuta ya Kilisun ya kuwakinga wenye ualbino na jua yanatengenezwa hapo hapo Moshi. Kidonda cha uso, sikio au mdomo wa chini kisichopona kwa mwenye ualbino ni cha kupeleka sasa. Kingali kidogo kama punje ya hindi, kinakatwa kwa ganzi na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kikiachwa mwaka mzima, kitataka kukatwa kwa upana, kufunikwa kwa nyama ya mahali pengine, na kitanda cha wodini. Yaani kusubiri ili kuikimbia hospitali kunakupeleka hospitali kwa muda mrefu zaidi.

Mdomo sungura unasubiri bila madhara makubwa, mradi mtoto anakula. Kwa kawaida mdomo hushonwa mtoto akiwa na miezi 3 hivi na uzito wa kilo 4.5 kwenda juu. Akifika wa 6 au 8 bado utashonwa vizuri. Kaakaa lililo wazi halina uvumilivu huo. Linazibwa kati ya mwezi wa 9 na wa 18, kwa sababu mtoto akianza kusema na tundu lipo, sauti inatokea puani na kuizoesha upya ni kazi ya miaka. Mlipuko ukikupata na mtoto wa miezi 7 mwenye kaakaa wazi, anza kuulizia tarehe mapema kuliko yule wa mdomo tu.

Kovu la zamani lililokwisha kukaza, kama la jirani yangu, linasubiri. Madaktari wengi hupenda likomae miezi 6 hadi 12 kabla ya kuligusa. Isipokuwa limevuta kope jicho halifungi, au limevuta kidevu kifuani mtu hawezi kutanua kinywa. La jirani lilikuwa linamzuia kugeuka upande mmoja tu. Alisubiri wiki sita, akaenda.

Keloidi, tumbo, matiti yasiyo na ugonjwa, alama za chunusi: subiri. Sina la kuongeza.

Kama unasubiri, unasubiri vipi?

Kusubiri bila kufanya kitu si sawa na kusubiri ukifanya kazi. Hili ndilo lililotukosesha. Wiki mbili za mwanzo dada alimwacha mtoto alale na ngumi imefumbwa kwa sababu ndivyo alivyotulia. Mkao unaompa mtoto raha ndio utakaogeuka kilema. Mkono wa kuungua unafungiwa banzi, vidole vimenyooka, kila kimoja kimetenganishwa na chachi, na unafunguliwa mchana kwa mazoezi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kukuonyesha mara moja ukafanya nyumbani.

Lishe nayo. Kidonda kikubwa kinakula: mayai, maharage, dagaa, maziwa. Na picha. Kubaliana na kliniki utume picha kwa WhatsApp kila baada ya siku tatu, zipigwe mchana karibu na dirisha, kidonda kimeshasafishwa, na rula imewekwa pembeni. Picha ya usiku chini ya taa ya njano inafanya kila kidonda kionekane kimeoza. Nilituma tatu za namna hiyo kabla sijaambiwa.

Ganzi, au nusu kaputi

Hapa vizuizi vilileta jambo moja jema. Kumlaza mtu usingizi kamili na kumwekea mpira kooni ndicho kitendo kilichohofiwa kurusha matone mengi hewani, ndicho kinachokula oksijeni, na ndicho kinachomweka mgonjwa hatarini kama ana virusi bila kujua. Utafiti wa kwanza mkubwa, uliotoka Mei 2020 ukiwa na wagonjwa 1,128 waliofanyiwa operesheni wakiwa na korona, uliona asilimia 23.8 walifariki ndani ya siku 30. Wengi wao walikuwa wa umri mkubwa na wa dharura, na chanjo ilikuwa bado, kwa hiyo usiichukue namba hiyo ukamtishia kijana wa miaka 20. Lakini inaeleza kwa nini madaktari walikimbilia ganzi.

Ganzi ya mkono inayofanywa siku hizi, ambayo daktari Donald Lalonde wa Kanada aliieneza sana, ni lignokeini iliyochanganywa na adrenalini. Inachomwa kwenye sehemu yenyewe, kisha mnangoja karibu nusu saa mpaka mishipa midogo isinyae na damu ipungue. Hakuna mpira wa kukaza mkono, hakuna mashine ya kupumulia. Mgonjwa yuko macho, na daktari anaweza kumwambia akunje kidole aone kama mshipa alioshona unavuta. Mtu anatoka akitembea.

Ubaya wake? Dawa ina kipimo kwa uzito wa mwili, kwa hiyo sehemu kubwa haiwezekani. Mgongo mzima hauchomwi ganzi. Na mtoto wa miaka mitatu hatulii. Kwa mkono wa mpwa wangu ganzi haikuwa chaguo hata kidogo, ilibidi nusu kaputi. Kwa mtu mzima mwenye uvimbe wa ngozi, kovu dogo, kidole kilichokatika mshipa, au saratani ndogo ya shavu, uliza wazi: "Daktari, hii inawezekana kwa ganzi?" Swali hilo moja linaweza kukutoa kwenye foleni ya miezi na kukuingiza kwenye ya wiki.

Ulize pia nyuzi zinazoyeyuka. Zinakuokolea safari ya kurudi kutolewa nyuzi, na wakati daladala zilipokuwa "level siti", watu wanakaa tu hakuna kusimama, kila safari iliyopungua ilikuwa faida.

Ngozi ya kupandikiza, au nyama na mshipa wake

Huwezi kuchagua peke yako, ila ukijua tofauti hutashangaa ukibadilishiwa mpango. Kupandikiza ngozi ni kuchukua utando mwembamba, aghalabu pajani, na kuulaza juu ya kidonda. Operesheni ni fupi, paja linapona ndani ya wiki mbili hivi (na kwa kweli linauma kuliko kidonda chenyewe), ila ngozi hiyo husinyaa baadaye na haikai juu ya mfupa mtupu. Nyama inayohamishwa na mshipa wake wa damu inakaa popote na haisinyai hivyo, lakini ikitolewa mbali na kuungwa kwa darubini ni kazi ya saa nyingi, na baada yake mgonjwa anaangaliwa saa baada ya saa.

Wakati wa vizuizi mizani huinama upande wa ngozi ya kupandikiza. Ukiambiwa "tutafanya iliyo rahisi sasa, nzuri zaidi baadaye", hujadharauliwa. Uliza tu hiyo baadaye imeandikwa wapi.

Kungoja kambi, au kwenda hospitali ya rufaa

Kuna historia hapa ambayo wengi wa Moshi hawaijui. Mwaka 1956 chini ya Mlima Kilimanjaro walikutana madaktari watatu wa upasuaji wa plastiki: Michael Wood, Archibald McIndoe aliyewatengeneza nyuso marubani walioungua vita vya pili vya dunia, na Tom Rees wa Marekani. Wazo walilopanga, kuwarushia wagonjwa wa vijijini daktari kwa ndege, likazaa mwaka uliofuata shirika linaloitwa leo Amref. Desturi ya kungoja mtaalamu anayeshuka kutoka angani ina mizizi hapa hapa kwetu.

Na ndiyo maana mlipuko uliiumiza. Aprili 12, 2020 ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa Tanzania. Zilifunguliwa Mei 18, lakini kufunguliwa kwa anga yetu hakukumfungulia daktari mipaka ya kwao. Waliokuwa wameambiwa "subirini timu ya midomo sungura" walibaki na tarehe isiyokuja.

Kambi ina mazuri yake: mara nyingi ni bure, wataalamu wanakuja wengi kwa pamoja, na mzazi anakuta wazazi wenzake. Hospitali ya rufaa ina gharama, foleni, na mlolongo wa barua kutoka zahanati hadi wilaya hadi mkoa, yaani Mawenzi kwa sisi wa Kilimanjaro na Mount Meru kwa wa Arusha, hadi KCMC, ambayo tangu 1971 imekuwa ikipokea kanda ya kaskazini. Lakini daktari aliyeajiriwa hapa haondoki ndege zikisimama. Atakuwepo kidonda kikifunguka siku ya kumi, na atakuwepo mwaka ujao kovu likivuta.

Maoni yangu, na najua wapo wasiokubaliana nami: wakati wa kawaida, kwa mdomo sungura, kambi ni chaguo zuri kabisa. Dalili ya kwanza ya mlipuko ikitangazwa, usiitegemee. Fungua faili hospitali ya rufaa hata kama jina lako liko kwenye orodha ya kambi. Ukikosa fedha, usiishie dirisha la malipo. Waulize ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi. Kila hospitali kubwa inayo, na kwa sera ya nchi mtoto wa chini ya miaka 5 ana msamaha kwenye vituo vya serikali.

Moshi au Arusha

Baina ya miji hii miwili kuna kama kilometa 80, na watu hupoteza muda mwingi wakijadili nani ana daktari bora. Mimi ningetazama kitu kingine: nani atakaa na mgonjwa.

Kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Yupo muuguzaji, anayeleta chakula, anayefua, anayemshika mtoto mkono wakati wa kubadilisha bandeji. Vizuizi vilipokuja tuliambiwa ndugu mmoja tu, habadilishwi, barakoa muda wote, saa za kuona wagonjwa zimefutwa. Dada yangu ana mtoto mwingine anayenyonya. Akiingia wodini, huyo mdogo anabaki na nani? Akibaki nje, wa mkono anaingia na nani? Hilo ndilo lililotuchelewesha kuliko foleni ya operesheni. Mwishowe niliingia mimi, mjomba, kwenye wodi ya kina mama na watoto, nikalala kwenye kiti siku tano. Mama mmoja wa Marangu aliniita "mama mjomba" hadi siku ya kutoka.

Kwa hiyo ukiwa na ndugu wa karibu Moshi, nenda Moshi. Ukiwa nao Ngaramtoni au Sakina, nenda Arusha. Kwa watoto Arusha ina jambo la ziada: Plaster House, nyumba inayowapokea watoto kabla na baada ya operesheni za mifupa na za kurekebisha viungo, wakakaa hapo mpaka wapone badala ya kurudi boma la mbali ambako bandeji haibadilishwi. Kwa familia ya Longido au Simanjiro hilo peke yake linaweza kuamua.

Ukiwa umeugua

Mwaka 2021, aliyepata korona akingoja operesheni isiyo ya haraka alishauriwa asogeze wiki 7; leo muulize daktari wako. Utafiti wa wagonjwa 140,231 katika nchi 116 ulionyesha hatari ya kufa baada ya operesheni inakuwa juu wiki sita za mwanzo na kurudi ya kawaida kuanzia ya saba, ila kwa wenye dalili zinazoendelea wangoje zaidi. Mwambie daktari ukweli, hata kama uliishia kujifukiza nyungu nyumbani na hukupima.

Marburg ni habari tofauti. Haiendi kwa hewa, inaenda kwa damu na majimaji ya mwili, kwa hiyo kukaa kwenye benchi la kliniki Moshi wakati mgonjwa yuko Kagera si sababu ya kukimbia tarehe. Ndivyo nilivyomwambia jirani, ingawa alisubiri hata hivyo.

Mpwa wangu

Tuliingia wiki ya tano, tumechelewa wiki mbili. Ngozi ilitolewa paja la kushoto, ikashika yote isipokuwa kipande kama sarafu karibu na kidole cha mwisho. Kidole hicho kikajikunja taratibu. Mwaka 2022 kililegezwa na kuongezewa ngozi, safari hii bila foleni wala barakoa. Sasa ana miaka tisa na kalamu anashika kwa mkono ule ule, kidole cha mwisho kikibaki nje kidogo kama cha mtu anayekunywa chai kwa madaha. Dada akikiona anacheka. Mimi huwa nahesabu zile wiki mbili.